Wawili Katika Chombo Kimoja

Watu wa pwani yetu hawana haja ya kuelezwa habari ya kungoja upepo. Majahazi ya Arabuni na ya Bara Hindi yalikuja Lamu, Mombasa na Zanzibar kwa kaskazi, yakarudi kwao kwa kusi, na nahodha aliyepitwa na majira alikaa ugenini miezi mingi akila akiba yake. Sisi wa bara jambo hilo tumelisikia shuleni tu. Lakini pako mahali pengine duniani, mbali sana na hapa, ambapo hata leo watu hutazama kalenda na mawingu vivyo hivyo, kisha hung'oa nanga kwa makundi na kushika njia ya kusini. Nao hawachukui tende wala boriti. Wengi wao ni mume na mke, watu wa makamo au wazee waliokwisha kustaafu kazi, wawili tu chomboni.

Mahali penyewe ni pwani ya mashariki ya Marekani. Huko kaskazini, wakati wa baridi, theluji huanguka, maji ya vijito huganda, na hata maji yaliyomo katika mabomba ya mashua huwa barafu na kuyapasua. Kwa hiyo katika mwezi wa Oktoba, majani ya miti yanapogeuka kuwa mekundu na manjano, wenye kukaa katika mashua huanza kushuka. Wenzao huwaita kwa mzaha ndege wa theluji, maana hufanya kama mabata bukini ambao hupita juu ya vichwa vyao siku zile zile, wakielekea upande ule ule. Wala hawawezi kwenda mapema mno. Tufani kubwa za Atlantiki zina majira yake, tangu Juni mpaka mwisho wa Novemba, na makampuni mengi ya bima hayakubali chombo kiingie sehemu za kusini kabla ya Novemba. Basi nyuma yao kuna baridi na mbele yao kuna tufani, nao hupita katikati.

Si lazima wapite bahari kuu. Ukiitazama ramani utaona jinsi Rasi ya Hatteras, katika jimbo la North Carolina, ilivyojitokeza baharini kama kiwiko cha mkono. Hapo mkondo wa maji ya moto uitwao Gulf Stream hukutana na maji ya baridi yatokayo kaskazini, na mafungu ya mchanga huhamahama chini ya mawimbi. Merikebu nyingi zimevunjika pale hata mabaharia wakapaita Makaburi ya Atlantiki. Ili vyombo vidogo viepukane na hatari hiyo, mito, ghuba na mifereji iliunganishwa pamoja ikawa njia moja ya maji nyuma ya visiwa vya pwani. Maili zake huhesabiwa kuanzia mji wa Norfolk, katika Virginia, ambapo ni sifuri, na Miami iko karibu na maili 1,100. Madaraja yasiyofunguka yamejengwa kwa urefu wa futi 65 juu ya maji, yaani kama mita 20. Mwenye mlingoti mrefu kuliko huo atatoka nje baharini, apende asipende.

Sasa tuwatazame mume na mke mmoja. Tusiwataje majina, maana wako wengi wa namna yao, na desturi zao ni karibu moja. Chombo chao kina urefu wa futi 35. Kimetengenezwa kwa nyuzi za kioo na gundi ngumu, nacho si kipya hata kidogo. Pengine kimepita katika mikono ya watu watatu kabla yao. Ndani mna kitanda kwenye omo, meza, jiko la gesi lililoning'inizwa ili sufuria isimwagike mashua inapolala ubavu, choo kidogo kama kabati, na rafu za vitabu zenye kizuizi mbele. Juu pana vibao vya kukamata umeme wa jua. Mwendo wake ni maili 5 au 6 kwa saa, na mtu wa baiskeli angewaacha nyuma bila kutoka jasho. Ingawa ni mashua ya tanga, katika mifereji myembamba tanga hufungwa, nayo injini ya dizeli hufanya kazi yote. Wakienda maili 40 au 50 tangu macheo hata machweo, wamefanya siku njema.

Maji ya kunywa huchukuliwa katika tangi la lita mia tatu hivi. Mama zetu wanaochota maji kisimani wangelielewa jambo hili upesi kuliko mabibi wa mjini. Vyombo husuguliwa kwa maji kidogo, hutiwa katika beseni, na kusuuzwa mara moja. Kuoga ni kwa kikombe, au kwa bomba linalofunguliwa na kufungwa. Uchafu wa choo haumwagwi mtoni, kwani sheria inakataza. Nao huwekwa katika tangi lake mpaka wafike penye mashine ya kuufyonza. Nguo hufuliwa bandarini. Nafasi ni ndogo hata huwezi kumnunia mwenzako ukaenda chumba cha pili, maana chumba cha pili hakipo. Watu wawili waliozoea kuonana asubuhi na jioni tu, mmoja akienda kazini na mwingine akibaki nyumbani, huanza sasa kuonana mchana kutwa, katika mahali pasipozidi ukubwa wa banda la mbuzi. Yasemekana baadhi yao hufika Florida na kuiuza mashua, na wengine hufika huko wamechumbiana upya.

Ugomvi wao mkubwa hauletwi na tufani. Huletwa na kutia nanga. Jioni inapokaribia, mmoja husimama kwenye omo penye mnyororo, na mwingine hushika usukani nyuma. Upepo unavuma, injini inanguruma, na kati yao pana mita kumi. Wa mbele hupiga kelele, wa nyuma hasikii. Naye hudhani ameambiwa aende mbele, kumbe ameambiwa arudi. Jirani waliokwisha kutia nanga huketi na vikombe vyao vya chai wakitazama kama watu wa kijiji wanaotazama kesi barazani. Basi wengi wameacha kupiga kelele, wakaweka ishara za mikono. Mkono wa kuume ukiinuliwa una maana yake, na ngumi iliyofumbwa ina maana yake. Wengine hununua vifaa vya kuvaa masikioni vya kusemeshana kwa sauti ya chini, na wao wenyewe huviita waokoa ndoa.

Nanga yenyewe ina hesabu. Hupimwa kina cha maji, kisha mnyororo hutolewa mara tano au zaidi ya kina hicho. Lakini kina hubadilika, kwa sababu maji hujaa na kupwa. Katika jimbo la Georgia maji hupanda na kushuka futi saba hata tisa kwa muda wa saa sita. Asiyekumbuka hilo hulala majini na kuamka amekaa ubavu juu ya tope. Akikwama maji yalipopwa, ana bahati, maana yanayokuja yatamwinua. Akikwama maji yalipojaa kabisa, na hasa ikiwa ni bamvua, huenda akangoja sana, na hapo ndipo subira ya mke au ya mume hupimwa.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wa safari hizo hulisema kwa ukali, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote. Mume anaweza kuanguka majini. Wakisafiri usiku katika bahari ya nje hugawana zamu, mmoja akilala na mwingine akiangalia kwa muda wa saa tatu au nne, na ni amri kwamba aliye zamu asitoke mahali pa usukani bila kujifunga kamba na bila kumwamsha mwenzake. Hata hivyo ajali haina kinga. Sasa, ikiwa mke amejua kupika na kupanga vyombo tu, na hajui kuwasha injini, kushusha tanga, kugeuza chombo, wala kuita msaada kwa redio, mume wake atakuwa anaogelea gizani huku mashua inakwenda zake pamoja na mke anayelia. Kwa hiyo wenye busara hufundishana kabla ya kuondoka. Mke hushika usukani na kuingia bandarini yeye mwenyewe, tena mara nyingi. Mume naye hujifunza zilipo dawa, na jinsi ya kufunga jeraha. Nawaza nyumba ngapi huku kwetu ambamo baba amefariki, na mama hajui mpaka wa shamba unapita wapi, wala deni liko kwa nani, wala karatasi za chama cha ushirika zimewekwa katika sanduku gani. Nyumba hizo nazo zilikuwa na nahodha mmoja tu.

Mwanzo wa njia, baada ya Norfolk, pana mifereji miwili ya kuchagua. Mmoja ni mpana na hupitwa na wengi. Wa pili, ukiwa umefunguliwa, hukata katika kinamasi kikubwa kiitwacho Great Dismal Swamp, maana yake kinamasi kikubwa cha huzuni. Ulianza kuchimbwa mwaka 1793 ukafunguliwa mwaka 1805. Maji yake ni meusi kama chai iliyokolea, kwa sababu ya majani na magome ya miti yaliyooza. Miti hufunika juu, na hakuna kelele ila ya injini yako. Waliouchimba ni watumwa Waafrika, wakisimama ndani ya maji hayo kwa majembe na mashoka. Na ndani ya kinamasi hicho hicho walijificha watumwa waliotoroka, wakajenga vibanda katika sehemu zilizoinuka, wakaishi humo wao na watoto wao, mbali na mbwa za mabwana. Msafiri wa siku hizi hupita katika saa chache. Wengine husoma kibao kinachoeleza habari hiyo. Wengine hupiga picha ya miti.

Baada ya hapo njia huingia katika ghuba pana za North Carolina. Hazina kina kirefu, na upepo ukipanda mawimbi yake huwa mafupi na yenye hasira, kama ya ziwani kwetu. Halafu hufuata mito, vijiji vya wavuvi wa kamba, madaraja, na tena madaraja. Daraja la kufunguka huitwa kwa redio, na mlinzi wake hujibu kwa adabu au kwa usingizi. Hayo nayapita upesi, maana siku nyingi za safari hii hufanana.

Charleston, katika South Carolina, haufanani na mahali pengine. Ni mji mzuri wenye nyumba za rangi na minara ya makanisa. Ni mji pia ambao kwa bandari yake waliingizwa Waafrika wengi kuliko bandari nyingine yoyote ya Marekani. Wenye mashamba walitaka watu waliojua kulima mpunga, nao waliwanunua kutoka nchi za Afrika ya Magharibi ambako mpunga hulimwa, na wengine wengi kutoka Kongo na Angola. Wajukuu wao wangali katika visiwa vya pwani hiyo, nao huitwa Wagullah. Wana lugha yao, Kiingereza kilichochanganywa na maneno ya Afrika. Karanga huko kusini huitwa pia „goober“, nalo ni neno la Kikongo, nguba. Akina mama wao huketi sokoni wakisuka vikapu vya nyasi kwa kuzungusha mduara juu ya mduara, na miongoni mwa vikapu vya zamani kuna vipana vya kupepetea mpunga. Mwanamke wa Kyela au wa Kilombero akioneshwa kimoja atasema mara moja kwamba ni ungo.

Kutoka Charleston mashua hupita mfereji mwembamba wenye mkondo mkali, kisha huingia katika Mto Stono. Karibu na mto huo, siku ya Jumapili tarehe 9 Septemba 1739, watumwa wapatao 20 walichukua silaha wakaanza kwenda kusini, na wengine wakajiunga nao njiani. Wataalamu wa historia wanaona kwamba viongozi wao walitoka Kongo. Mfalme wa Kongo alibatizwa mwaka 1491, na kwa hiyo wengi wa watu hao walikuwa Wakatoliki kabla hawajatiwa minyororo. Damu ilimwagika pande zote mbili, na wengi wao hawakuvuka hata mto wa mbele. Nao walikuwa wanakwenda wapi? Walikuwa wanakwenda mahali pale pale mume na mke wetu wanapokwenda, yaani mji wa St. Augustine.

Baada ya Georgia na majani yake ya chumvi yasiyo na mwisho, ambayo machweo huyageuza rangi ya shaba, huanza Florida. Hapo vibao vilivyosimikwa majini huamuru vyombo vya injini vipunguze mwendo kwa ajili ya mnyama mkubwa mpole anayekula nyasi za chini ya maji. Naye ni ndugu wa nguva wa Rufiji. Mgongo wake mara nyingi una makovu ya rafadha za mashua.

St. Augustine uko katika maili 778. Jambo la kwanza linaloonekana kutoka majini ni msalaba wa chuma kisichoshika kutu, wenye urefu wa futi 208, uliosimamishwa mwaka 1966. Ni ukumbusho wa Wahispania walioshuka hapo tarehe 8 Septemba 1565 na kusomewa Misa na Padre Francisco López de Mendoza Grajales. Walikuwa wameiona nchi tarehe 28 Agosti, sikukuu ya Mtakatifu Agostino, ndiyo sababu mji ukapewa jina la Mwafrika huyo, Askofu wa Hippo. Karibu na msalaba pana kikanisa cha Mama Yetu wa La Leche, yaani Bikira Maria akimnyonyesha Mtoto Yesu. Wanawake wajawazito, na wale waliokosa mtoto, huja kusali hapo. Mume na mke wetu hufunga mashua yao karibu na daraja, huteremsha kidau, na kwenda kwa miguu dakika chache mpaka Kanisa Kuu. Wengi wa wasafiri hawa hulalamika kwamba katika njia ya maji Jumapili hupotea. Hapa hawana udhuru.

Mwaka 1687 ilifika mashua nyingine katika mji huu, nayo ilitoka Carolina kushuka pwani hii hii. Ilikuwa na wanaume wanane, wanawake wawili, na mtoto ambaye bado ananyonya. Walikuwa watumwa wa Waingereza, nao waliomba kubatizwa. Hawakuwa na ramani wala redio, wala mtu wa kuwaambia mafungu ya mchanga yako wapi, na nyuma yao walikuwapo wenye kuwatafuta. Najiuliza yule mama alimnyamazishaje mtoto usiku, walipopita karibu na nyumba za watu. Mwaka uliofuata Waingereza walituma mjumbe kuwadai, na Gavana wa Wahispania akakataa kuwarudisha. Mwaka 1693 Mfalme wa Hispania alitoa amri kwamba wanaotoroka hivyo na kuipokea dini Katoliki wawe huru, wanaume kwa wanawake.

Tusiwasifu Wahispania kupita kiasi. Wao wenyewe walikuwa na watumwa, na si magavana wote walioitii amri ile. Baadhi ya waliokimbilia kwao walifanywa watumwa tena. Mmoja wao, Francisco Menéndez, mtu wa kabila la Mandinga, aliandika maombi mara nyingi kudai haki yake na ya wenzake. Mwishowe, mwaka 1738, Gavana Manuel de Montiano aliwapa uhuru, akawapa na mahali pa kujenga maili mbili kaskazini ya mji, paitwapo Gracia Real de Santa Teresa de Mose. Walijenga boma, nyumba na kanisa, wakalima mashamba, wakavua samaki na chaza. Menéndez alikuwa kapteni wao. Waingereza walipokuja na jeshi mwaka 1740, watu wa Mose walipigana bega kwa bega na Wahispania, wakalikomboa boma lao, ijapokuwa lilibomolewa katika vita hivyo. Mwaka 1763 Florida ilitolewa kwa Waingereza. Watu wa Mose hawakungoja kuona ahadi za Waingereza. Walipanda meli pamoja na Wahispania wakaenda Cuba, kusini tena.

Leo mahali pa boma hilo ni majani ya kinamasi na kisiwa kidogo, upande wa kuume wa mashua zinazokuja kutoka kaskazini. Asiyejua hupita bila kugeuza shingo.

Wengi wa mume na mke hawa huishia Florida. Wenye hamu zaidi huendelea mpaka karibu na Palm Beach, ambapo visiwa vya Bahamas viko kiasi cha maili 60 tu ng'ambo. Lakini katikati unapita ule mkondo wa Gulf Stream, ukienda kaskazini kwa nguvu kama mto. Upepo wa kaskazini ukikutana nao, mawimbi husimama wima kama kuta, na hapo mashua ya futi 35 haina heshima yoyote. Basi hungoja upepo ugeuke utoke kusini. Wengine hungoja siku mbili, wengine wiki mbili, mkate ukichacha na mazungumzo yakiisha. Mmoja akisema twende na mwingine akisema bado, hawaendi. Hiyo ni kanuni ambayo wengi wao wamejiwekea, na haijalishi nani aliyesema bado. Siku ikifika huondoka usiku wa manane, ili wafike jua likiwa juu, maana huko miamba hutambuliwa kwa rangi ya maji. Mmoja hushika usukani, na mwenzake husimama kwenye omo akitazama chini.